Mshale wa spidi ukiruka, tusiwahi kuihukumu giaboksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie jambo lililojadiliwa hivi karibuni katika safu yako ya magari. Msomaji mmoja aliuliza kuhusu gari lake la otomatiki ambalo, likiwa kwenye mwendo, injini yake hupandisha mizunguko ghafla bila gari kuongeza kasi, na wakati huohuo mshale wa spidi huruka juu na chini, mara nyingine hulala kwenye sifuri ilhali gari linatembea. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: giaboksi imekwisha, atafute nyingine. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na hitilafu za aina hiyo ndizo ninazozitafuta kila siku. Sidai kwamba jibu lile haliwezi kuwa la kweli. Ninachosema ni kwamba limetolewa mapema mno, kwa sababu dalili hizo mbili zikitokea kwa pamoja, cha kwanza kushukiwa ni sensa ya mwendo, yaani kifaa kidogo cha umeme kinachosoma kasi ya gari, pamoja na nyaya zake, na giaboksi yenyewe hufuata baadaye.

Ili msomaji aelewe kwa nini nasema hivyo, ni lazima ajue kwamba katika magari mengi ya otomatiki yanayoendeshwa kwa kompyuta, mshale wa spidi na ubadilishaji wa gia hutegemea taarifa ileile. Mwishoni mwa giaboksi, karibu na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kuna sensa inayohesabu meno ya gurudumu dogo la chuma linalozunguka pamoja na shafti hiyo. Hesabu hiyo hupelekwa kwenye kompyuta, nayo huitumia kuamua gia ipi iingie na kwa wakati gani, na kuamua lini ifunge klachi iliyo ndani ya konveta, yaani lile duara lililojaa mafuta linalounganisha injini na giaboksi badala ya klachi ya mguu. Katika magari mengi hesabu hiyohiyo ndiyo inayousogeza mshale wa spidi. Mshale wa mizunguko ya injini, kwa upande wake, hupata taarifa zake kwenye injini, na ndiyo maana huendelea kusoma vizuri hata pale mshale wa spidi unapochanganyikiwa.

Sasa tuchukue gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likiwa katika gia ya juu. Waya wa sensa unakatika kwa nusu sekunde, kisha unagusa tena. Kwa kompyuta, gari lililokuwa linakimbia limesimama ghafla. Itafungua klachi ya konveta, huenda ikaamuru gia ya chini, au ikaingia katika hali ya kujilinda ambapo hushikilia gia moja tu na kupandisha shinikizo la mafuta hadi juu. Mizunguko ya injini itaruka, gari litalegea, na taarifa ikirudi gia itaingia kwa kishindo. Dereva aliyeko kwenye usukani atasema kwa haki kabisa kwamba giaboksi inateleza na kupiga kishindo, na fundi asiyepima atakubaliana naye. Kumbe klachi za ndani, zile zinazoshika kila gia, ni nzima, mafuta ni mazuri, na giaboksi imetii amri mbaya kama ilivyopaswa kutii. Ni kweli kwamba kompyuta za magari mengine hulinganisha kwanza taarifa hiyo na ile ya sensa za magurudumu za breki za ABS kabla ya kuchukua hatua, kwa hiyo tabia hii haifanani katika kila gari, lakini msingi wake ni uleule.

Mwenye gari anaweza kukusanya ushahidi mwingi kabla hajafika gereji, mradi ajue cha kuangalia. Utelezi wa kweli huonekana pale giaboksi inapobebeshwa mzigo: kupanda mlima, kuyapita magari mengine, au kukanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa na abiria wengi. Mizunguko hupanda, na mshale wa spidi hutulia pale ulipo au hushuka polepole, kwa sababu mwendo wa gari umebaki ulivyo na kinachokimbia bure ni injini. Hitilafu ya taarifa haijali mzigo. Hutokea kwenye tambarare, mguu ukiwa umetulia, mara nyingi gari linapopita kwenye matuta au mashimo, au baada ya mvua, au baada ya saa nzima ya safari joto linapokuwa limepanda chini ya gari. Nako, mshale wa spidi huanza kuruka kwanza, kisha ndipo mizunguko hufuata. Mpangilio huo wa nini kimetangulia una thamani kuliko maelezo marefu, na abiria wa kiti cha mbele anaweza kurekodi dashibodi kwa simu ili fundi ajionee mwenyewe. Simu nyingine ikiwekwa programu ya kusoma mwendo kwa satelaiti, itaonyesha mwendo halisi wa gari bila kutegemea waya wowote wa gari hilo. Simu ikisema 70 bila kuyumba huku mshale ukicheza kati ya 20 na 90, anayesema uongo amekwisha kujulikana.

Kuna kipimo kingine kidogo ambacho mafundi wengi hawakitumii. Gari likiwa kwenye mwendo wa wastani katika gia ya juu, barabara ikiwa wazi na hakuna gari nyuma, dereva aiguse pedali ya breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za breki tu, huku mguu wa kulia ukibaki pale pale kwenye mafuta. Katika magari mengi swichi ya breki huiambia kompyuta ifungue klachi ya konveta, na mizunguko hupanda kwa mia kadhaa. Kama mtetemo au mizunguko ya kupanda na kushuka iliyokuwa ikisumbua itakoma kila pedali inapoguswa, basi tatizo liko kwenye konveta au kwenye udhibiti wake, na hakuna sababu ya kuzungumzia gia zote.

Wenye magari ya CVT, yale yasiyo na gia za meno bali mkanda wa chuma na puli mbili, wasiyatumie maelezo haya bila tahadhari. Katika magari hayo mizunguko kupanda kabla ya mwendo ni sehemu ya maumbile yake, ingawa sensa za mwendo zimo vilevile na huharibika vilevile. Na katika gari la gia za mkono, utelezi ni suala la klachi. Mshale wa spidi ukiruka humo, hayo ni magonjwa mawili yasiyohusiana.

Kabla ya umeme, mafuta ya giaboksi. Kila fundi anapaswa kuanza hapo, na wengi huanza hapo, kwa hiyo sitalirefusha. Mafuta yakiwa pungufu, pampu huvuta hewa, mafuta hutoa povu, shinikizo huanguka, na klachi hukosa nguvu ya kubana. Dalili hiyo hujitokeza hasa kwenye kona na wakati wa kuondoka. Yakiwa ya kahawia iliyokoza na yenye harufu ya kuungua, klachi zimekwisha kuungua kwa kiasi fulani. Yakiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Jambo ninalotaka kulisisitiza ni namna ya kupima, kwa kuwa makosa ni mengi: magari mengi hupimwa injini ikiwa inaunguruma na mafuta yakiwa ya moto, mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa baada ya kupata joto, na yale yasiyo na kijiti cha kupimia hupimwa kupitia kizibo maalumu katika kiwango cha joto kilichoandikwa na mtengenezaji. Anayepima gari la aina moja kwa kanuni ya aina nyingine atajaza mafuta kupita kiasi, na mafuta yakizidi nayo hutoa povu.

Sasa nifike kwenye mashine ya kupimia, kwa sababu ndiko hukumu nyingi za haraka zinakozaliwa. Fundi huchomeka mashine, huona kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta, kama P0730 au mojawapo ya zile zinazoifuata kuanzia P0731, husoma kwamba uwiano wa gia si sahihi, kisha humwambia mwenye gari kwamba hata kompyuta imekubali giaboksi ni mbovu. Kompyuta haijasema hivyo. Kompyuta haina njia ya kuiona klachi ikiteleza. Inachofanya ni kuchukua mzunguko wa shafti inayoingia kwenye giaboksi, ikaugawa kwa mzunguko wa shafti inayotoka, na kulinganisha jibu na uwiano unaojulikana wa gia iliyoamriwa. Sensa moja kati ya hizo mbili ikidanganya, jibu la hesabu litakuwa la uongo na kodi ya uwiano itaandikwa, giaboksi ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo kodi hiyo isisomwe peke yake. Ikiwa pembeni yake ipo P0720, P0722 au P0723, ambazo zinahusu sensa ya shafti inayotoka, au P0715 na P0717 za ile inayoingia, au P0500 ya sensa ya mwendo wa gari, basi kwanza ishughulikiwe hiyo ya sensa, kodi zifutwe, gari liendeshwe, na ndipo ionekane kama ya uwiano itarudi.

Hata hivyo, kodi ni dokezo tu. Ushahidi wenyewe umo kwenye takwimu ambazo mashine huzionyesha gari likiwa barabarani, nami huwaomba mafundi vijana wajizoeze kuzisoma hizo kuliko kuzikariri kodi. Tuseme gari liko katika gia ambayo uwiano wake ni 1:1, yaani shafti zote mbili huzunguka sawa, na shafti inayoingia inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Inayotoka nayo inapaswa kuonyesha 2,400, au karibu sana na hapo. Ikiwa inayoingia itapanda hadi 3,000 na inayotoka ikabaki 2,400 huku simu ikionyesha mwendo haujabadilika, klachi ya gia hiyo inateleza kweli, wala hakuna sensa ya kusingiziwa. Lakini ikiwa inayoingia imetulia kwenye 2,400, na inayotoka inasoma 2,400, mara 0, mara 1,100, mara 2,400 tena, yote katika kufumba na kufumbua, hapo hakuna shafti iliyofanya hivyo. Gari lenye uzito wa tani moja na zaidi haliwezi kusimama na kurudi kwenye mwendo wake ndani ya sekunde moja bila abiria kuumia. Kilichofanya hivyo ni umeme.

Umeme huo hutafutwa kwa mikono, chini ya gari, na kwa subira. Soketi ya sensa ifunguliwe na itazamwe kwenye mwanga wa kutosha. Mara nyingi nimekuta mafuta ya giaboksi yamepenya hadi ndani yake, au pini moja imeota kutu ya kijani na kulegea kiasi kwamba inaingia na kutoka bila kushika. Fungu la nyaya lifuatwe kwa vidole kutoka kwenye sensa hadi linapopanda kuelekea kwenye kompyuta, hasa pale linapopita karibu na bomba la moshi au linapokwaruza ukingo wa chuma. Kisha sensa ichomolewe. Zile za nyaya mbili huwa na sumaku ndani yake, kwa hiyo hukusanya vumbi laini la chuma kutoka kwenye mafuta, na nimewahi kutoa sensa ambayo ncha yake ilikuwa imevikwa uji wa kijivu mnene kama kofia, ulioziba kabisa nafasi kati ya sumaku na meno. Ilipofutwa kwa kitambaa na kurudishwa, mshale ulitulia na gia zikaingia kwa mpangilio wake.

Sensa hizo za nyaya mbili hupimwa ukinzani wake kwa multimita na kulinganishwa na kitabu cha gari husika, lakini zipimwe zikiwa baridi na pia zikiwa za moto, kwani koili iliyochanika ndani huweza kuonekana nzima asubuhi na kukatika joto likipanda. Aidha, gari likiwa limeinuliwa juu ya stendi imara na magurudumu yakizungushwa, sensa hiyo inapaswa kutoa volti za mkondo geu (AC) zinazopanda kadiri mwendo unavyopanda. Zile za nyaya tatu hazifanyi hivyo; hupelekewa umeme wake, nazo hujibu kwa kuwasha na kuzima, kwa hiyo fundi athibitishe kwanza kwamba umeme na athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, zinaifikia kabla hajailaumu sensa.

Na kama kila kitu hapo ni kizima, atazame altaneta, ile inayochaji betri. Daiodi zake, ambazo hunyoosha umeme wake, zikiharibika, umeme unaopita katika nyaya za gari huwa na mawimbi ambayo sensa na kompyuta huweza kuyachukulia kuwa meno ya gurudumu, ukapata mshale unaocheza na konveta inayofunga na kufungua bila sababu. Multimita ikiwekwa kwenye kipimo cha mkondo geu na kugusishwa kwenye betri injini ikiunguruma, ikasoma zaidi ya nusu volti hivi, kuna jambo la kuchunguza hapo. Athi kati ya injini na bodi nayo isipitwe.

Hutokea pia kwamba mwongo ni dashibodi yenyewe. Mashine ikionyesha mwendo uliotulia huku mshale ukiruka au kuganda, giaboksi na sensa zote zimesafishika, na kasoro iko kwenye mota ndogo inayozungusha mshale au kwenye risasi ya kulehemu nyaya iliyopasuka nyuma ya ubao wa dashibodi. Pikapu za General Motors za mwaka 2003 hadi 2006 zilijulikana kwa ubovu wa mota hizo, na giaboksi zake hazikuwa na hatia yoyote katika hilo. Katika magari ya zamani yanayotumia kebo, mshale unaotetemeka kwenye mwendo mdogo kwa kawaida humaanisha kebo imekauka au imepinda. Na gari likiwa na matairi ya ukubwa usio wake, mshale utakosea kwa kiwango kilekile siku zote, lakini hautaruka.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili, kwa sababu nisingependa barua hii iwe sababu ya mtu kuendesha giaboksi inayokufa huku akijipa moyo kwamba ni waya tu. Kuna nyakati sensa huharibiwa na giaboksi yenyewe. Beringi ya shafti inayotoka ikilika, gurudumu lenye meno hutikisika, nafasi kati yake na sensa hubadilika kila mzunguko, na mshale huruka kwa sababu za kimakanika. Uji laini wa kijivu kwenye ncha ya sensa, au kwenye sumaku za ndani ya sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole, chembe za rangi ya shaba, au makapi meusi ya klachi si vya kawaida, na hapo kusafisha sensa ni kuficha ushahidi. Vilevile, takwimu zikionyesha utelezi wa kweli, bado kuna hatua ya kupima shinikizo la mafuta kwa geji na kupima solenoidi, yaani vali za umeme zinazoelekeza mafuta kwenye klachi, kabla ya kufungua giaboksi, maana solenoidi iliyokwama huweza kuinyima klachi isiyo na kasoro mafuta yake. Utelezi wa kweli uliothibitishwa usiendeshwe, kwa kuwa kila kilomita huzidi kuunguza klachi, na gari linaweza kukosa nguvu katikati ya kuyapita mengine.

Najiuliza kwa nini imani kwamba giaboksi ndiyo mbovu imekuwa na nguvu kiasi hiki, na naamini jibu lake ni hili: giaboksi inayonunuliwa mara nyingi huja na sensa yake. Ikishafungwa, mshale hutulia, gia huingia vizuri, mwenye gari hushukuru, na fundi hubaki na uhakika kwamba alipatia. Hakuna anayejua kama kilichoponya gari kilikuwa giaboksi nzima au sensa iliyokuja nayo. Pale ambapo kosa lilikuwa kwenye nyaya, ambazo hubaki na gari, ugonjwa hurudi baada ya muda, na hapo giaboksi ya pili huitwa mbovu nayo. Nimepokea gari lililokuwa limebadilishwa giaboksi katika gereji nyingine likiwa na malalamiko yaleyale liliyoingia nayo, na waya uliokuwa umeungua kwenye bomba la moshi ulikuwa bado uko pale pale, haujaguswa na mtu. Mwenye gari alikuwa amelipa akiba yake yote. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu waya ule ungeonekana na yeyote ambaye angelala chini ya gari na taa mkononi.

Kwa hiyo naiomba safu yako, Ndugu Mhariri, kabla ya kumjibu msomaji mwenye dalili hizi, imuulize kwanza kilichotangulia kuyumba kati ya mshale wa spidi na mizunguko ya injini, kama hutokea wakati wa mzigo au hata kwenye tambarare, na kama kuna aliyesoma takwimu za shafti zote mbili gari likiwa barabarani. Na yule msomaji aliyeuliza, kama bado hajatoa fedha, amwombe fundi wake amwandikie kwenye karatasi takwimu hizo mbili kama zilivyokuwa wakati hitilafu inatokea, pamoja na kodi zote zilizokuwemo kabla hazijafutwa. Afanye hivyo giaboksi ikiwa bado imefungwa kwenye gari, kwa sababu ikishashushwa chini na nyaya zake kuchomolewa, kipimo hicho hakiwezi kufanyika tena.

Wako katika ujenzi wa taaluma,
Fundi wa umeme wa magari